Mtani Aliyeacha Kututukana

Nilikata pale mtani alipolia, nikabakiza pale alipochekesha. Halafu nikaweka muziki wa singeli kwa chini. Halafu, kwa kuwa ujinga wangu haujawahi kuja peke yake, nikaandika juu kwa herufi kubwa nyekundu: BIBI ANAYESHEREHEKEA MISIBA. Nikaituma video hiyo kwa washikaji watatu, kwa kutumia simu ya mama.

Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na jambo lingine nitapiga stori, nitawachekesha, na tukifika kwenye kosa lenyewe mtakuwa mmeshanipenda. Ndivyo ninavyoponaga shuleni. Nimewahi kumwiga mwalimu wa hesabu anavyofuta ubao kwa mkono huku tumbo lake likifuta sehemu ya chini, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akitazama, akacheka, akanisamehe. Tangu hapo nikaamini kwamba mtu akishacheka, kesi imefungwa.

Shuleni kwetu kuna klabu ya habari. Mlezi wake ni mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana bado, anayependa filamu za maisha ya watu wa kweli. Alitwambia kila mmoja achague mtu mmoja wa mtaani kwao, amfuate na kamera kwa wiki moja, alete filamu ya dakika tano. Kamera ilikuwa moja, tukapangiana zamu. Mmoja alimchagua fundi baiskeli. Mwingine akaenda Mlingotini kwa shangazi yake anayelima mwani, akarudi amebabuka jua na picha nyingi za miguu yake mwenyewe ndani ya maji. Mimi nilimchagua mtani wa bibi yangu. Mwalimu aliniuliza kwa nini yeye, nikajibu kwa maneno ya kwenye daftari, urithi, mila, kizazi kipya. Uongo. Nilimchagua kwa sababu anachekesha na nilitaka darasa licheke.

Bibi yangu, mama yake baba, ni Mzaramo. Mtani wake ni Mnyamwezi, ingawa amezaliwa hapahapa Bagamoyo na Tabora anaijua kwa jina tu. Babu wa babu zake walikuja na misafara, wamebeba pembe za ndovu vichwani. Tangu enzi hizo makabila hayo mawili ni watani, kwa hiyo walikuwa na haki ya kutukanana, na waliitumia haki hiyo kila siku ya Mungu. Mtani alikuwa anauza vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu. Vikiisha, anachukua viwili alivyovificha kwenye bakuli, anakuja kwetu. Hakupiga hodi hata siku moja.

"Mmeshakufa humo au bado?"

"Pita, mpagazi," bibi anajibu kutoka kitandani. "Shusha mzigo upumzike."

"Mzigo gani? Sina mzigo."

"Hicho kichwa."

"Heri yangu nina kichwa. Wewe Mzaramo ngoma ikilia unaacha chungu jikoni. Vyungu vingapi vimeungua kwa ajili yako?"

Mimi nikimwamkia mtani, "Shikamoo bibi," alikuwa hapokei hivihivi. Ananitazama kuanzia miguuni, anapanda taratibu, akifika kichwani anasikitika. "Marahaba, kidaka." Kidaka ni kile kinazi kichanga kinachodondoka mnazini kabla hakijawa hata kitale, hakina maji, hakina nyama, hakifai kwa mchuzi wala kwa kuni. Hilo ndilo lilikuwa jina langu kwake tangu nikiwa mtoto. Nikipita kwenye kona yake na wenzangu anapaza sauti, "Jamani, mpisheni kidaka wangu asije akakanyagwa." Wenzangu wanakufa kwa kicheko. Mimi najifanya nimenuna, lakini nilikuwa napita makusudi.

Mama hakukulia kwenye utani huo. Yeye ni wa Pangani, kwao watu wanapimana kwa adabu. Alipoletwa kama bibi harusi, mtani aliingia katikati ya wageni, akamzunguka, akamwambia bibi, "Yaani mmekwenda mpaka Pangani kufuata hiki kijiti? Bagamoyo kuni zimekwisha?" Mama alikimbilia chumbani akalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Bibi akamfuata, akamwambia kwamba huyo akikutukana ujue umeshakuwa wa humu ndani, na kwamba kama mtani angemsalimia vizuri na kumwita mwanangu, hapo ndipo yeye bibi angemwonea huruma. Mama alinisimulia hadithi hii mara nyingi, kila mara akicheka. Nilidhani ni hadithi ya kuchekesha tu.

Mwaka huo bibi alikuwa mgonjwa. Miguu ilivimba, moyo ulikuwa unachoka, kitanda chake kikasogezwa dirishani ili apate upepo. Wao wawili wakafanya ugonjwa huo kuwa uwanja mpya wa matusi. Walibishana nani atatangulia.

"Ukitangulia wewe," mtani alisema, "nasimama pale mlangoni na mchi. Jeneza halipiti mpaka nipewe ile kanga yako ya kisutu."

"Ile nimeshampa mkwe wangu."

"Basi utakaa humu mpaka uoze."

"Na ukitangulia wewe?"

"Utakuja kunizuia. Ila wewe huhitaji mchi. Unene huo ukisimama tu mlango umeziba."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, mama akaja mbio na maji. Siku hiyo, mtani alipoondoka, bibi aliniambia jambo ambalo sikuliweka kwenye kamera kwa sababu halikuwa la kuchekesha. Alisema yeye kufa haogopi, watu wote wanakufa, mpaka wafupi. Anachoogopa ni kutolewa mle ndani kimyakimya kama jamvi bovu. "Lakini huyu yupo," akasema. "Huyu hatakubali."

Nilipomwomba mtani nimpige picha, aliweka sharti moja. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua, hakuinua hata kichwa. "Ukinichukua, nichukue mzima. Usinikate kama papa sokoni, kichwa huku, mkia kule."

"Sawa, bibi."

"Sawa ya kidaka hiyo. Haya, washa mtambo wako."

Katika wiki yangu ya kamera akafa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mzee wa Kizaramo aliyeshona nguo za Idi za mtaa mzima na kuzichelewesha zote. Mjane wake alikubali niingie na kamera. Nadhani alikubali kwa sababu alijua mtani atakuja, na alitaka ibaki kumbukumbu. Nimelifikiria hilo baadaye. Wakati ule niliwaza tu kwamba nimepata bonge la mchongo.

Maiti ilishaoshwa, jeneza likawa linatoka chumbani mabegani mwa wanaume. Mtani akachomoza mlangoni. Alikuwa amevaa miwani ya marehemu, futi yake ya kitambaa ikining'inia shingoni, na mchi mkononi. Akaulaza mchi kwenye mlango.

"Hatoki huyu. Gauni langu amelishona tangu Idi iliyopita, hajaweka mikono. Naomba mikono yangu kwanza."

Wanaume wakasimama. Mmoja akasema, "Mtani, tupishe, jua kali."

"Nyie mnaona jua, mimi naona kwapa." Halafu akabadilisha sauti, akawa marehemu mwenyewe, ile sauti ya puani tuliyoijua sote: "Njoo kesho, mama. Nimebakiza kidogo tu. Njoo kesho."

Nyumba nzima ikapasuka. Mjane alicheka huku ameziba uso kwa kanga. Mtani akavuta ile futi, akaanza kulipima jeneza kutoka kichwani mpaka miguuni, anatikisa kichwa. "Fundi, umepungua. Na hii sanda umekata mwenyewe? Mbona imenyooka kuliko gauni langu?" Mzee mmoja wa ukoo akamkabidhi kipande cha kitambaa cheupe, ndiyo ada yake, akakipokea, akakikagua mshono ambao haukuwepo, akauondoa mchi. Jeneza lilipompita alisema, "Haya, nenda. Ukifika huko mlangoni na wao wakuambie njoo kesho."

Wanaume wakaondoka na tahlili yao. Sauti ikafifia kuelekea makaburini. Mimi nilibaki na kamera inawaka, kwa sababu nilisahau kuizima. Mtani akaketi kizingitini. Alivua ile miwani. Akashika ncha ya futi, akaitia mdomoni, akaiuma kama wanavyoiuma mafundi, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Mara moja moja alisema, "Mikono yangu, fundi. Mikono yangu." Hakuna aliyemgusa wala kumbembeleza. Kisha akajifuta kwa kile kitambaa cheupe, akainuka, akaenda uani kuosha masufuria.

Sekunde arobaini. Nilizihesabu nilipokuwa nahariri.

Ningependa kusema kwamba dakika zilizidi, au kadi ilijaa. Kadi ilikuwa imejaa kweli, na mwenzangu wa zamu iliyofuata alikuwa ameshakuja kuifuata kamera, amesimama uani kwetu anatafuna muwa. Lakini nilikuwa na picha nyingine nyingi za kufuta, kuku, mawingu, mimi mwenyewe. Nilifuta ile ya kizingitini kwa sababu iliharibu mzaha. Mtu akishamwona analia, hawezi kurudi nyuma akacheka vilevile. Na mimi nilitaka wacheke vilevile.

Darasani walicheka mpaka wengine wakainama chini ya madawati. "Wakuambie njoo kesho" ikawa msemo wa shule kwa muda. Mwalimu naye alicheka, halafu akauliza, "Baada ya hapo alifanya nini?"

"Aliosha masufuria, mwalimu."

Sikudanganya. Hiyo ndiyo inayoniuma hasa, kwamba sikuhitaji hata kudanganya.

Ile ya shuleni haikuwa na maandishi mekundu. Maandishi na singeli niliviongeza nyumbani, nimeihamishia kwenye simu ya mama, nimelala kwenye mkeka, simu ikiwa kwenye chaji. Niliituma kwa watatu. Watatu wakawatumia wao wanaowajua. Mpaka Ijumaa ilikuwa imezunguka mji, imevuka mto, imekwenda kwa watu wasiojua fundi alikuwa nani, wasiojua utani ni nini, wanaomwona bibi kizee mwenye miwani anamcheka maiti na muziki unapigwa. Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja alizungumza kuhusu wanaofanya mauti kuwa mchezo. Hakutaja mtu. Hakuhitaji kutaja. Mimi nilikuwa safu ya nne, natazama vidole vya miguu ya mtu wa mbele yangu.

Jumamosi asubuhi akaja binti yake mtani. Anaishi Chalinze, anauza mahindi ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi. Ni mtu mzima, rika la mama. Mimi nilikuwa uani nakula chapati.

"Dada," alimwambia mama, akimwonyesha simu yake, "namba hii ni ya kwako?"

Mama akatazama. "Ni ya kwangu."

"Hii video imetoka kwenye namba yako. Nimefuatilia mtu kwa mtu mpaka hapa."

Mama aliitazama yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Muziki ukawa unalia pale uani, na mimi chapati iko mdomoni, haishuki wala haitoki.

"Jana kuna abiria alitoa simu dirishani," yule dada akasema. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyebeba maji yamejaa. "Ananiambia, tazama huyu mchawi wa Bagamoyo. Natazama, ni mama yangu. Nikamuuzia mahindi yake. Nikampa na chumvi. Gari likaondoka."

Mama akageuza macho kwangu. Kwetu sisi ni watu wawili tu tunaoishika ile simu, na mmoja wao hajui kuweka singeli.

Yule dada alikaa kwa mama yake siku mbili. Alimwambia, na haya nimeyasikia kwa watu, kwamba kama bado anamhesabu kuwa ni mwanawe, basi asisimame tena mlangoni kwa watu na mchi. Mtani akamjibu kwamba ameacha. Hivyo tu. Kazi aliyoirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, akaiacha kwa neno moja kama mtu anayeacha kuvuta ugoro.

Akaacha kuja kwetu pia. Bibi akawa anauliza kila asubuhi, uso umeelekea mlangoni.

"Mpagazi wangu mbona haji kunitukana?"

"Miguu inamsumbua, bibi," nikasema.

"Miguu? Yule aliyetoka Tabora kwa miguu?"

Kesho yake nikasema ana wageni. Keshokutwa yake nikasema mvua, na haikunyesha. Mama alikuwa anasikia kutoka jikoni. Hakunikanusha, hakunisaidia. Siku ya nne aliniwekea chai, akasema, "Kamwombe radhi," akarudi kwenye mambo yake.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa siku zote, kwa mzaha. Nilizunguka mnazi wa nyuma ya msikiti nikaokota kidaka, kizuri, kidogo, kimekauka upande mmoja. Nikakisugua mpaka kikang'aa. Mpango ulikuwa nimkabidhi niseme, nimekuletea ndugu yangu, amekuja kuniombea msamaha. Nilikuwa na hakika atacheka. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti.

Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nilikaa. Alikwenda mwenyewe, na magoti yake hayo, akaniletea maji kwenye glasi ya wageni, ile yenye maua.

"Nimekuletea ndugu yangu," nikasema, nikamnyooshea kidaka. Sauti ilitoka nyembamba.

Akakipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba." Akakiweka dirishani, karibu na taa ya chemli, akarudi kwenye ungo wake.

"Bibi, nisamehe kwa ile video."

"Ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua. Uliniambia nikuchukue mzima."

Akapuliza pumba, zikaruka. "Basi yameshapita. Nimekusamehe, mwanangu. Kunywa maji."

"Bibi anakuulizia kila siku."

"Nitakuja kumwona, inshallah. Msalimie sana."

Nilirudi nyumbani natembea kwa miguu miepesi, Mungu anisamehe. Nikamwambia mama kwamba nimekwenda, amenisamehe, amenipa maji kwenye glasi yenye maua, kaniita mwanangu.

"Hajakutukana?" mama akauliza.

"Hapana. Kaongea vizuri kabisa."

Mama alinitazama kidogo, akaendelea kukuna nazi. Mimi nilidhani amechoka tu.

Mtani alikuja kweli, siku ya tatu. Alipiga hodi. Mimi nilikuwa chumbani kwa bibi nampepea, na tuliposikia "Hodi wenyewe," bibi akaniuliza, "Mgeni gani huyo?" kwa sababu sauti ile, ikiwa na hodi ndani yake, hakuitambua. Mtani aliingia amejifunga kanga mpaka kichwani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo, dada. Unaendeleaje?"

Bibi akamkodolea macho. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukujulia hali."

"Mpagazi, hiyo adabu umeiazima kwa nani? Kairudishe, haikutoshi."

Niliona midomo ya mtani ikicheza. Jibu lilikuja, naapa nililiona linakuja, likafika kwenye meno. Akaziba mdomo kwa kanga. "Maneno hayo tumeshayaacha, dada," akasema. "Watoto wanatuchukua."

Bibi hakuwa na habari ya video. Hakuna aliyemwambia. Lakini alikuwa ananijua mimi. Aligeuza shingo taratibu kwenye mto.

"Wewe?"

"Mimi, bibi."

Nilitegemea atanisema. Bibi yangu alikuwa na matusi ya kutosha kata nzima. Akageukia ukutani. Mtani akakaa kidogo, akatusalimia tena kwa kuaga, akamwombea shifaa, akaondoka. Vitumbua viwili aliviacha kwenye bakuli, vimefunikwa vizuri na kitambaa safi. Bibi hakuvila. Mimi nilikuwa nampepea, nampepea, mpaka akasema, "Acha, unaniletea baridi."

Bibi hakumaliza wiki nne. Alifariki adhuhuri, baba akiwa Fukayosi shambani. Baba akafika alasiri, matope ya shamba bado kwenye viatu. Ikaamuliwa azikwe kesho yake asubuhi.

Mtani alikuja mapema kuliko wote. Aliingia na wanawake wenzake kumwosha, akatoka, akakaa kwenye mkeka wa pembeni, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Wazaramo wa ukoo wetu walikuwa wanamtazama kwa chati. Waliijua video, waliijua na hasira ya binti yake, lakini walikuwa na matumaini. Shangazi mmoja alikwenda makusudi kuuegemeza mchi kwenye ukuta karibu na mlango, pale ambapo mtu anaweza kuunyakua kwa urahisi. Kanga ya kisutu mama alikuwa nayo mkononi, ameikunja vizuri, ameishika tu.

Tukalibeba jeneza. Baba mbele upande wa kulia, mimi nyuma yake. Nilikuwa sijawahi kulibeba la mtu wangu, sikujua kwamba linakaa pale pale begani panapokaa mkoba wa shule. Tulipofika mlangoni, baba akapunguza mwendo. Wa mbele wote wakapunguza. Hawakuambiana. Miguu yao ilizoea, inajua kwamba hapa mtu husimamishwa. Tukasimama. Hakuna aliyetuzuia na sisi tumesimama, watu wanane na jeneza, mbele ya mlango ulio wazi.

Nilimwona mtani kwa jicho la pembeni. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, imebana.

Na mimi nilikuwa na haki. Mjukuu ana haki ya utani kwa bibi yake, yeye mwenyewe alikuwa ananiita mume wangu mbele ya watu. Ningeweza kusema, mke wangu hatoki. Maneno hayo matatu tu yangetosha. Mimi ninayejulikana mpaka shule ya jirani kwa mdomo. Nilifungua kinywa, na ulimi ukawa kama umeshonewa mle ndani. Nani angecheka? Wangeniona mimi, na wangekumbuka maandishi mekundu.

Baba akasema, taratibu, "Haya, twendeni." Tukapita. Tukamtoa bibi kimyakimya, na nyuma yangu nikamsikia mama anapumua kama mtu aliyechomwa mwiba.

Siku ya kuanua matanga, watu walipokula na kutawanyika, mtani alikuwa uani anaosha masufuria. Ndiyo kazi pekee ya mtani aliyokuwa hajaiacha. Nilikwenda nikachuchumaa upande wa pili wa beseni, nikachukua kipande cha gunia na majivu, nikasugua lile sufuria kubwa la wali lililoungua chini. Nilisugua kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nalisugua vibaya, nalijua, majivu nimeweka mengi na maji machache, nikamwona analitazama. Nikasubiri. Zamani angesema mengi: kwamba kidaka haoshi sufuria, sufuria ndilo linamwosha, au kwamba Mzaramo anaanza kusugua leo ili apike wali wa harusi ya mjukuu wake.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie." Akaongeza maji kidogo kwenye sufuria langu, kwa upole, ili nisihangaike.

Tulimaliza tukayapanga juani. Alijifuta mikono, akaaga kila mtu kwa zamu, na mimi pia.

Mama alikuwa anakunja mikeka ya wageni. Kanga ya kisutu aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, haikupata mwenyewe. Nilimsaidia kushika upande wa pili wa mkeka. Nikamwambia kwamba nadhani sasa yamekwisha, nimeosha naye vyombo vyote, ameniambia ahsante, ameniombea na dua.

Mama alikunja mkeka mpaka mikono yake ikafika kwenye mikono yangu. Akauchukua. Akasema, "Siku akikuita kidaka, uje uniambie."